Kuvua Samaki Bila Kuvua Viatu

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Haya, nguo tumeelewa. Na viatu je? Hapo wahenga walipita kimya kimya wakatuachia sisi tuteleze.

Mimi ni mtu wa mjini. Uvuvi wangu miaka yote ulikuwa kuchagua tilapia kwenye beseni la mama samaki pale stejini, ananiparia magamba huku nasoma jumbe kwenye simu. Kisha shemeji yangu, kaka yake mama watoto, akastaafu, akahamia karibu na Karatina, na akili yake ikahamia mtoni moja kwa moja. Kila mwaka, Januari ikifika na jua likianza kuchoma, Mto Ragati unapungua, maji yanakuwa maangavu hata unahesabu kokoto, naye ananipigia simu. "Shemeji, trauti wameamka."

Si waamke tu, nani kawakataza? Lakini utamkataliaje shemeji ambaye bado anakumbuka, kwa shilingi na senti, mahari iliyobaki?

Trauti si tilapia, jamani. Tilapia ni samaki mstaarabu, anakaa bwawani akikusubiri. Trauti anataka maji ya baridi yanayokimbia, anajibanza nyuma ya jiwe katikati ya mto, kichwa kakielekeza maji yanakotoka, anangoja riziki iletwe. Kwa hiyo umnyemelee kutoka nyuma, yaani kutoka chini ya mto ukipanda. Ukijifanya mjanja ubaki ukingoni, ndoano yako itavua matawi. Nimevua mti mmoja mara tano kwa siku moja, mpaka shemeji akauliza kama nataka kuubeba nyumbani. Lazima uingie majini, na hapo ndipo balaa ya viatu inapoanzia.

Na samaki mwenyewe wala si wa huku. Ni Ewart Grogan, yule mlowezi Mwingereza, aliyemleta kutoka Uskoti mwaka 1905, akamtia Mto Gura kule Aberdare. Akafikiria samaki, akafikiria maji. Sisi ambao tungekuja kumfuata huyo samaki hakutuletea hata kandambili.

Safari ya kwanza nilivaa gambuti. Ukiniuliza wakati ule ningekuapia kwamba hicho ndicho kiatu cha maji: kirefu, cha mpira, kimenivusha mvua za Aprili mtaani kwetu ambako mtaro na barabara ni kitu kimoja. Nikaingia Ragati kifua mbele. Hatua tatu, safi kabisa, miguu mikavu, nikaanza hata kumhurumia shemeji na viraka vyake. Hatua ya nne maji yakafika kwenye mdomo wa gambuti, yakachungulia ndani, yakaingia.

Gambuti ni kiatu mpaka hapo. Baada ya hapo ni ndoo. Na maji ya Ragati yametoka Mlima Kenya, hayana urafiki na mtu. Yalishuka kwenye kifundo, yakazunguka vidole kimoja kimoja kama askari anayekagua vitambulisho. Ajabu ni kwamba ukiwa bado ndani ya mto husikii uzito, maji kwa maji yanabebana. Jaribu sasa kutoka. Niliukwea ule ukingo kwa magoti, kila mguu umebeba mto wake. Shemeji akashika kisigino, akavuta, akavuta tena, gambuti ikatoka kwa sauti ya ng'ombe anayechomoa mguu kwenye tope. Soksi ilibaki ndani. Nilipoigeuza, maji yalimwagika hata nikatazama kama kuna samaki.

Tena soli ya gambuti imetengenezwa kwa ajili ya tope. Mawe ya mtoni ni kesi nyingine. Kiangazi maji yakipungua, jua linayafikia mawe yaliyo chini, nayo yanaota ute wa kijani, mwembamba, kama ukoga wa meno ya mtu aliyeamka saa tano. Ukiukanyaga, mguu unakwenda kwake na wewe unakwenda kwako.

Safari ya pili nikajiambia: ikiwa shida ya gambuti ni kushika maji, nitafute kiatu kisichoshika kitu. Nikavaa patipati. Kweli haikushika kitu, hata mguu haikuushika. Ya kushoto ilichomoka hatua ya pili, ikaibuka mbele yangu, ikageuka mara moja kama inayoaga, ikashika njia. Nilisimama kwa mguu mmoja nikiisindikiza kwa macho. Ragati inaingia Sagana, na Sagana ndiyo Tana inakoanzia, kwa hiyo patipati yangu ilikuwa na safari ya maana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, mabwawa yote yale ya umeme, halafu Garissa, halafu bahari kule Kipini. Mimi mwenyewe Kipini sijafika. Wiki ile stima ilipopotea mtaani na majirani wakaanza kulaani, nilinyamaza.

Safari ya tatu, akala. Kosa hilo nalikubali bila wakili. Akala ina mkanda wa nyuma, haiendi Kipini bila wewe. Lakini hebu fikiria: tairi hufika kwa fundi wa akala lini? Likishakuwa kipara. Yaani tairi ambalo trafiki angelisimamisha kwenye lami kavu, mimi nimelifunga miguuni nikaliingiza mtoni juu ya ukoga. Nilianguka kwa utaratibu, kwanza kofia, kisha fimbo, kisha heshima. Na kokoto zikiingia kati ya soli na wayo, hazitoki mpaka uvue. Kidole gumba, ambacho akala imekiacha wazi kama mtoto wa mkimbizi, kikakutana na jiwe. Ukucha ulikuwa mweusi hadi Pasaka.

Kuhusu pekupeku msiniambie. Vijana wa kule wanaruka jiwe hadi jiwe kama mbuzi, lakini nyayo zangu mimi zimelelewa na zulia.

Kiswahili nacho hakisaidii. Ukiaga nyumbani kwamba unaenda kuvua, mtu ana haki ya kuuliza unavua nini. Mimi misimu mitatu nilikuwa navua viatu.

Mwaka huu nikaona nitafute kiatu chenyewe, kile cha wenye mchezo wao. Nikakipata kwenye kibanda cha mitumba: buti fupi za kitambaa kigumu, kidole kimefunikwa vizuri, matundu pembeni ya kutolea maji, na chini, badala ya mpira, soli ya sufu iliyoshindiliwa ikawa nene kama chapati mbili. Muuzaji hakujua ni kitu gani, ila hilo halijawahi kumzuia muuzaji.

"Mkubwa, hiyo ni kamera, daraja la kwanza, belo imefunguliwa asubuhi. Hiyo soli ni ya kuingilia nyumbani usiku. Haipigi kelele, mama haamki."

"Ni namba ngapi?"

"Namba ni ya kwako."

Nikageuza. 46. Mimi navaa 41.

"Mguu si utavimba ukiingia maji?" akasema, bila aibu yoyote. "Wewe toa elfu nne na mia tano, hiyo nafasi iliyobaki nimekupa bure."

Nikamrudishia. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimeshaisikia ile soli, nikaenda nayo akilini hadi kwa shemeji. Akafurahi kama mwalimu aliyeulizwa swali. Akanieleza kwamba sufu hupenya ule ute ikashika jiwe lenyewe, kwamba Wajapani wanaovua samaki aitwaye ayu huingia mtoni na viatu vya soli hizo hizo, na kwamba zamani walipanda vijito kwa ndara zilizosukwa kwa majani ya mpunga. Halafu akaongeza kwamba New Zealand walizipiga marufuku soli za sufu mwaka 2008, na Alaska wakafuata mwaka 2012, kwa sababu sufu haikauki upesi, na vimelea na mwani mbaya husafiri ndani yake kutoka mto huu hadi ule.

Mimi nilisikia jambo moja tu. Kitu kikikatazwa na serikali mbili, ujue kinafanya kazi.

Sasa sufu nene iliyoshindiliwa mtu wa kipato changu anaitoa wapi? Nilikaa sebuleni nikiwaza, miguu yangu imetulia juu ya jibu.

Sikuharibu mahali pa wageni, naomba hilo liandikwe. Nilikata nyuma ya kochi kubwa, kona ambayo hata ufagio huifikia Krismasi. Vipande viwili, kila kimoja kama mkate uliokandamizwa. Nikavipeleka kwa fundi viatu pamoja na raba zangu kuukuu.

"Mzee, hizi ni za kwenda wapi?"

"Mtoni."

Akanitazama, akatazama zulia, akapunguza bei shilingi hamsini bila kuombwa. Lakini kazi aliijua. Akapaka gundi, akangoja, akabandika, kisha akashona kuzunguka kwa uzi wa nailoni, maana gundi peke yake, alisema, ikiona maji inakumbuka kwao. Pembeni akatoboa matundu kwa msumari wa moto. Nikalipa nikaondoka nimevibeba kwenye gazeti.

Jumamosi, Ragati. Nikaweka mguu wa kwanza juu ya jiwe lile lile lililoninyang'anya heshima. Nikaweka wa pili. Nikasimama.

Naomba muelewe uzito wa neno hilo. Nilisimama katikati ya mto, maji ya magotini yakinisukuma, mikono yote miwili ikiwa na kazi nyingine zaidi ya kutafuta pa kujishika. Nikarusha. Nikapata trauti mmoja, urefu wa mswaki, madoadoa mekundu ubavuni, nikamrudisha akakue. Shemeji alianguka mara mbili. Siku hiyo hakutaja mahari.

Nyumbani nikakumbuka habari za New Zealand. Nikasugua zile raba kwa brashi, nikazisuuza, nikazianika roshanini kwenye jua kali, soli juu, zikauke kabisa. Mtu mwenye kujali mito.

Mama watoto akatoka na beseni la nguo za kuanika. Akapita. Akarudi nyuma hatua moja. Kwenye soli ya kulia palikuwa na nusu ya ua jekundu na jani moja. Kwenye ya kushoto, nusu ya pili na jani lake. Akazisogeza pamoja kwa kidole. Ua likakamilika.

Hakusema neno. Akaweka beseni chini, akaingia ndani, na muda si muda nikasikia kochi kubwa likivutwa.