Majilio si chokoleti tu

Mwandishi, umesema kalenda ya Majilio, ile ya kuhesabu siku za Desemba hadi Krismasi, ni ujanja wa wauza chokoleti. Si kweli kabisa. Walutheri wa Ujerumani, karne ya 19, walichora mistari 24 ya chaki mlangoni, watoto wakafuta mmoja kila siku. Mchungaji Wichern naye, Hamburg mwaka 1839, alitundika gurudumu la mbao lenye mishumaa, kwa sababu watoto maskini aliowalea walimchosha na swali moja: Krismasi lini? Mishumaa midogo ya siku za kazi, minne mikubwa ya Jumapili nne za Majilio. Chokoleti ilikuja baadaye sana.

Sisi kwetu Machame, Kilimanjaro, tulitumia mkaa. Mama alituruhusu kuchora ukutani jikoni, nyuma ya mafiga. Mwaka mmoja mdogo wangu akaamka usiku, akafuta mistari mitatu kwa mpigo, asubuhi akashikilia kwamba Krismasi imesogea. Baba alicheka mpaka chai ikamwagika. Mshumaa wa nne ukiwashwa kanisani, tulijua baba mdogo yuko njiani kutoka Dar na viatu vyetu (vikubwa kila mara, eti tutakua).

Mwanangu sasa ana kalenda ile ya vidirisha vyenye chokoleti. Leo tarehe 6, nimekuta ameshakula mpaka ya 19.