Upasuaji wa uso kwa wanawake waliobadili jinsia: urembo au tiba?

Uingereza, huduma ya afya ya taifa, NHS, humlipia mwanamke aliyebadili jinsia, yaani aliyezaliwa na mwili wa kiume, homoni, na akitaka, humlipia pia upasuaji wa sehemu za siri. Uso hailipii. Upasuaji wa kuupa uso sura ya kike haumo katika huduma za kawaida za NHS, kwa hiyo anayeutaka hujigharamia, huko huko au kwa kusafiri hadi Hispania au Thailand, na kazi kamili inaweza kufika makumi ya maelfu ya pauni. Wanaoutetea utaratibu huu wa NHS husema ni urembo tu. Wanawake wengi hawapendi pua zao, na serikali haiwalipii.

Hoja hiyo si ya kubezwa, ila nadhani imekosea kuona maumivu yalipo. Sehemu za siri huonwa na mwenyewe na mwenza wake. Uso unaonwa na dereva wa basi, karani wa benki, mwenye nyumba ya kupanga na vijana wanaozurura kituoni usiku. Watu humwamua mtu kuwa ni mwanamume au mwanamke kwa kumtupia jicho mara moja, kabla hajafungua kinywa, na hapo ndipo minong'ono, matusi na hata kipigo huanzia.

Homoni husaidia, lakini zina mpaka. Estrojeni, homoni ya kike, hulainisha ngozi na kunenepesha mashavu taratibu, kwa miaka miwili na zaidi. Mfupa uliokuzwa na testosteroni, homoni ya kiume, wakati wa balehe, yaani ukingo wa juu ya macho, taya na kidevu, hauguswi. Mwaka 1982 daktari wa upasuaji wa fuvu na uso wa San Francisco, Douglas Ousterhout, aliombwa na daktari mwenzake amsaidie mgonjwa ambaye watu waliendelea kumchukulia kama mwanamume licha ya kubadili jinsia. Ousterhout hakuanza na kisu. Alianza kwa kuchunguza mamia ya mafuvu, ajue hasa mfupa wa kiume na wa kike hutofautiana wapi.

Kazi yenyewe ni nzito. Mgonjwa hutiwa nusukaputi, ngozi hukatwa kufuata mstari wa nywele na kukunjuliwa chini hadi ukingo wa macho uonekane. Kwa wengi kuusaga mfupa hakutoshi, kwa sababu nyuma yake kuna uwazi wenye hewa na ukuta wa mbele ni mwembamba. Basi ukuta huo hukatwa, hutolewa, huchongwa, kisha hurudishwa ndani zaidi na kukazwa kwa vibati na skrubu ndogo za titani. Uso huvimba kwa wiki kadhaa. Utosi hufa ganzi kwa miezi, na kwa baadhi ganzi haiondoki kabisa.

Uzito huo huo unawapa haki wanaosema subiri. Mfupa uliochongwa haurudi, na mwenye mwaka mmoja tu wa homoni hajaona bado uso wake utakavyokuwa. Kusubiri kwa sababu hiyo ni busara. Kusubiri kwa sababu ya kukosa pesa ni jambo jingine.

Kuna utafiti wa 2010, wa Ainsworth na Spiegel, ambao naurudia mara kwa mara. Waliwauliza wanawake 247 waliobadili jinsia kuhusu maisha yao. Waliofanyiwa upasuaji, wa uso au wa chini, walikuwa na afya bora ya akili kuliko ambao hawajafanyiwa wowote, na kati ya uso na chini hakukuonekana tofauti ya maana. Kama ni hivyo, kwa nini mmoja uitwe tiba na mwingine urembo? Mwenye shaka atajibu kwamba aliyemudu gharama huenda alikuwa na kazi nzuri na nyumba tulivu tangu mwanzo, na kilichopimwa ni mfuko wake. Ni swali la haki. Utafiti wa 2020 unalijibu kwa kiasi, maana uliwafuata wagonjwa 66, wale wale, kabla na baada: alama za kuridhika na uso zilipanda kutoka 47 hadi takriban 81 kwa 100. Lakini hizo ni alama walizojipa wenyewe, na kipimo cha mwisho kilichukuliwa kuanzia miezi sita tu baada ya kisu.

Pingamizi linalonigusa zaidi linatoka kwa baadhi ya wanawake hawa wenyewe: kwa nini nikatwe mfupa kwa sababu ya macho ya wengine? Mwanamke mweusi ana swali la ziada. Daktari akisema pua ya kike, anamaanisha pua ya nani? Anayetaka kufanana na mama yake na shangazi zake aende na picha zao, na daktari akizipuuza, aondoke.

Hata hivyo, hiari ya kukataa haina maana kwa asiye na pesa za kukubali. Mwongozo wa 2022 wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, umeuweka upasuaji wa uso miongoni mwa tiba. NHS ingeweza kuanza na paji na taya, kwa tathmini ile ile inayotumika kwa upasuaji wa chini, na kuacha midomo na mashavu kwa mfuko wa mtu.