Nyie ni watoto wa nani?

Watu wa Moshi wakisikia nawasomesha wanangu nyumbani hapa Virginia, hudhani nimeishiwa ada. Sivyo. Mke wangu ni nesi wa zamu za usiku, mimi kazi yangu iko kwenye kompyuta sebuleni, na sheria ya hapa inaruhusu: kabla ya tarehe 15 Agosti unaiandikia idara ya elimu ya eneo lako kwamba utafundisha mwenyewe, na ifikapo tarehe 1 Agosti ya mwaka unaofuata unapeleka ushahidi kwamba mtoto amepiga hatua. Basi.

Raha ya mpango huu ni historia. Wanangu wana miaka 13 na 15, na somo hilo tunalisomea barabarani. Williamsburg, mji uliokuwa makao makuu ya Virginia tangu 1699 hadi 1780, una siku maalumu zenye punguzo kwa familia kama yetu. Mhunzi anafua chuma mbele yako, waigizaji wamevaa nguo za enzi zile, na ukiuliza swali wanakujibu kana kwamba Mfalme George bado anatawala. Jamestown, walikofikia Waingereza mwaka 1607, iko jirani. Point Comfort ndiko waliposhushwa Waafrika wa mwaka 1619, waliotekwa Angola na kuletwa utumwani. Binti yangu alipojua kwamba kwa Kimbundu, lugha ya kule Angola, mtu ni "mutu", alinyamaza njia nzima ya kurudi.

Wamarekani siwabezi katika hili. Vibao vinasomeka, tarehe zimehakikiwa, vyoo ni visafi. Na mwisho wa njia hakukosi duka la kofia.

Juni mwaka jana nikawapeleka Moshi. Nikaandaa ratiba ya Kivirginia: saa tatu Old Moshi, saa tano jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mjini, saa saba tunakula. Dada yangu aliisoma akacheka. "Kaka, unakwenda kwa wazee au unawahi ndege?"

Tulipanda kupitia Kiboriloni mpaka Tsudunyi, huko Old Moshi, ambako Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa pale, tarehe 2 Machi 1900. Mzee tuliyeelekezwa kwake hakuanza na Meli. Baada ya shikamoo aliwatazama wanangu. "Nyie ni watoto wa nani?"

Nikajibu mimi. Akanizuia kwa mkono. Hakuwa ameniuliza mimi. Mwanangu wa kiume akataja jina langu. "Na huyo ni wa nani?" Akataja la babu. "Na huyo?" Hapo mtoto akakwama. Mimi nikaongeza jina moja, kisha kwa aibu nikakwama na mie. Mzee akatumalizia. Akafika mpaka kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, tulichotokea, na ugomvi wa mfereji wa maji ambao baba yangu hakuwahi kuutaja. Saa nzima imekwisha. Ndipo akaanza: jinsi Meli alivyowashinda Wajerumani mwaka 1892, wakarudi mwaka uliofuata wakiwa na nguvu zaidi, jinsi alivyonyongwa pamoja na wenzake, na habari ya kichwa chake ambacho familia inaamini kilipelekwa Ujerumani, na ambacho wamekidai miaka mingi. Wanangu, ambao kule hukaa nusu saa wakaanza kuulizia chakula, hawakuulizia chakula.

Williamsburg hakuna aliyewauliza ni wa nani. Tiketi ilitosha. Nikiulizwa tofauti ya kule na nyumbani nataja hiyo kabla ya barabara na umeme.

Lakini nisipambe mno. Mzee alimweka Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyeuona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, rika moja na Meli. Binti yangu akaninong'oneza. Nikamwambia aandike daftarini, mzee hakatizwi. Na mpwa wangu wa kidato cha pili, anayepita na daladala mbele ya jengo la KNCU kila asubuhi, alidhani ni hoteli tu. Hakujua habari ya ushirika wa 1933, wala ya chama kilichoutangulia mwaka 1925, wakati walowezi walitaka Mwafrika asilime kahawa. Simlaumu. Mimi niliondoka Moshi nikiwa na umri wa miaka 26, sijawahi kukanyaga Tsudunyi.

Arusha tulikaa siku mbili. Boma la Mjerumani na makumbusho ya Azimio la Arusha tuliyapitia haraka, vijana walichoka. Kilichowashika ni Tengeru. Pale, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi ya Wapolandi: watu waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakapitia Siberia na Iran, wakaishia chini ya Mlima Meru. Walifika kama 5,000, wengi wakiwa wanawake na watoto. Mwanangu alipiga mahesabu ya miaka juu ya misalaba, akakuta wa umri wake. Ukitaka kumfundisha kijana kwamba mkimbizi anaweza kuwa mtu yeyote, mpeleke pale kabla hujampeleka kuona simba.

Oldupai, bonde la mabaki ya watu wa kale ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, hatukufika. Wanangu wana pasipoti za Marekani, na kwenye geti la hifadhi pasipoti ndiyo inayosema wewe ni wa nani: binamu yao angelipa kwa shilingi, wao kwa dola. Nilipiga hesabu tukiwa Arusha nikaifunga simu.

"Kwani hatuwezi kuwatajia majina?" mwanangu akauliza. "Sasa nayajua manne."