Tui Zito Huelea

Nafundisha makenika ya uhandisi katika chuo kimoja cha ufundi hapa Mombasa. Kila muhula, siku ya kwanza ya somo la giligili, yaani vimiminika na gesi, huwauliza wanafunzi: kati ya maji na oili ya injini, kipi kizito? Darasa zima hujibu, "Oili!" Nikiwauliza mbona basi oili ikimwagika baharini hutandaa juu ya maji, kimya hutanda. Wengi wao wamezaliwa Likoni, Tudor au Mji wa Kale. Utando ule wa rangi rangi juu ya maji wameuona tangu utotoni. Macho yao yanajua jibu sahihi, ila ulimi umewatangulia na neno jingine.

Neno lenyewe ni "zito". Tumelipa kazi mbili. Mfuko wa simenti ni mzito, na uji nao ni mzito. Tukisema mfuko, tunazungumzia mizani. Tukisema uji, mizani haimo kabisa: tunazungumzia jinsi unavyosita kutoka kwenye upawa. Katika uhandisi hizo ni sifa mbili mbali mbali. Ya kwanza ni densiti, kilo ngapi zimo katika mita moja ya ujazo. Ya pili ni mnato, ukaidi wa tabaka moja la kimiminika kuteleza juu ya jingine. Moja haimfuati mwenziwe. Kitu chaweza kuwa na nyingi ya hii na kidogo cha ile, na mwanafunzi asiyezitenga atakokotoa hesabu ndefu, safi, isiyo na kosa la tarakimu hata moja, kisha ajenge mtambo usiofanya kazi.

Ushahidi umo jikoni. Nazi hukunwa kwa mbuzi, machicha yakatiwa maji na kukamuliwa kwenye kifumbu. Tui la kwanza hutoka zito, la pili jepesi. Hakuna nyumba ya Pwani isiyojua tofauti hiyo, maana moja hutiwa mwanzo wa mapishi na jingine mwisho. Sasa yachanganye yote mawili, uyaache bakulini usiku kucha. Asubuhi utakuta lile zito limepanda juu, jepesi limebaki chini. Mafuta ya nazi yana densiti ya kama kilo 920 kwa mita ya ujazo, maji yana 1,000, kwa hiyo mafuta huelea na kukusanyika juu. Kwa mizani, tui zito ndilo jepesi! Mama zetu wameliona jambo hili miaka na miaka, na mimi nilisomeshwa uhandisi miaka minne bila mtu kuniambia kwamba lile bakuli lilikuwa somo.

Zebaki huonyesha upande wa pili. Densiti yake ni kama kilo 13,600 kwa mita ya ujazo. Kichupa kidogo chake hukushtua mkono ukikiinua. Lakini imimine, itakimbia. Mnato wake unazidi wa maji kwa nusu tu. Asali haifiki hata mara moja na nusu ya densiti ya maji, na bado mnato wake ni maelfu ya mara ya maji.

Haya nayasema kwa uchungu kidogo, kwa sababu yaliwahi kunigharimu. Nilipotoka chuoni niliajiriwa katika karakana moja upande wa Changamwe. Nikapewa kazi ya kuchagua mota ya pampu ya kupandisha mafuta ya gia kutoka pipani hadi kwenye tangi lililokuwa mita 6 juu. Fundi mkuu, mzee aliyezishika pampu kabla mimi sijazaliwa, alitazama nilichochagua akasema, "Kijana, mafuta haya mazito. Mota hiyo haiyawezi." Nikamjibu kwa adabu, lakini kwa uhakika wote, kwamba nimepima na mafuta yale ni mepesi kuliko maji, kama kilo 890 kwa mita ya ujazo, kwa hivyo mota ya maji ingetosha na kubaki. Hakunibishia. Ilikuwa Julai, asubuhi ya kusi, baridi ya Mombasa ile ya nyuzi 22 hivi. Tuliwasha pampu, ikaunguruma, mafuta hayakufika juu, na baada ya muda mfupi tukasikia harufu ya waya zinazoungua.

Mimi nilisema kweli, na mzee alisema kweli. Tulitumia neno moja kwa vitu viwili, na kati yetu mimi ndiye niliyefunzwa tofauti na nisiisikie.

Hesabu yenyewe haina uficho. Chukua paipu ya milimita 25, urefu wa mita 12, ipitishe lita 20 kwa dakika za mafuta yenye mnato mara 1,000 ya maji. Kuyainua mita 6 kunataka presha ya kama nusu baa. Kuyasukuma tu, yashinde msuguano wa tabaka zake ndani ya paipu, kunataka kama baa 4. Yaani kazi ya kuinua, ile niliyoikokotoa kwa makini yote, ilikuwa sehemu ndogo ya kazi iliyokuwako. Kanuni inayotawala mtiririko wa namna hii ilipatikana kwa majaribio ya Gotthilf Hagen, Mjerumani, mwaka 1839, na ya Jean Poiseuille, daktari Mfaransa aliyekuwa akichunguza mwendo wa damu, karibu na wakati huo huo. Inasema kwamba, kwa kiasi kile kile cha mafuta kwa dakika, ukiongeza kipenyo cha paipu mara mbili presha ya kushinda msuguano hushuka mara 16. Ndivyo tulivyofanya mwishowe: tukang'oa paipu ya inchi moja, tukaweka ya inchi mbili, na mota mpya juu yake. Wazo la paipu lilikuwa la mzee.

Joto nalo lina neno lake, na hapa densiti na mnato hutengana kabisa. Pasha mafuta moto kwa nyuzi 20 au 30: densiti itapungua asilimia chache tu, huku mnato ukishuka hadi nusu, robo, pengine chini ya hapo. Meli nyingi zinazopita mbele ya feri ya Likoni huchoma mafuta ambayo kila mtu bandarini huyaita mazito. Aina moja iliyozoeleka hupimwa mnato wake yakiwa yamepashwa nyuzi 50, na hata hapo huwa mamia ya mara ya maji. Kabla ya kuingia injini huzidishiwa joto hadi kupita nyuzi 100, ndipo yachuruzike vizuri. Densiti yake kwa kawaida haifiki ya maji ya bahari, ambayo ni kama kilo 1,025. Ndiyo maana yakivuja yanaelea, na ndiyo maana tunayaokota juu ya mikoko, si chini ya kina.

Wala nisidhaniwe naidharau densiti. Meli hizo hizo zina alama za herufi ubavuni, za kuonyesha mwisho wa kuzama kwake ikipakiwa. T ni ya bahari za joto kama yetu, F ni ya maji yasiyo na chumvi. F iko juu zaidi ya S, alama ya bahari ya majira ya joto, kwa sababu meli iliyopakiwa mtoni ikafika baharini huinuka yenyewe bila mtu kushusha hata gunia. Chumvi imeongeza densiti ya maji, basi. Mnato hauna usemi katika jambo hilo.

Sifa nyingine za giligili hazinisumbui sana. Ukweli kwamba vimiminika havishindiliki kwa urahisi wanafunzi huuelewa mara moja nikiwatajia breki za matatu zilizoingiwa na hewa. Mvutano wa uso wa maji huonekana kwenye tone linaloning'inia mferejini. Lugha haikuweka mtego hapo.

Kwenye "zito" mtego upo, na njia tunayoitumia kuuondoa siipendi. Masomo yetu ni kwa Kiingereza. Mwanafunzi akisema oili ni nzito hukemewa, huambiwa ajibu kama kitabu, naye huandika istilahi ya kigeni daftarini huku kichwani likibaki neno lile lile, na maana zake mbili zikiwa zimefungamana. Kisha huenda karakanani, humsikia fundi akisema mafuta mazito, humdharau. Mimi nataka darasa liingie ndani ya Kiswahili na kulifungua fundo humo humo. Siku hizi mwanafunzi akisema kitu ni kizito, mimi humuuliza: kizito cha mizani au kizito cha kumimina? Huchukua wiki moja tu, wakaanza kuulizana wenyewe. Hata mkebe wa oili ulioandikwa 20W-50 wanausoma vingine, kwa kujua kwamba namba zile zote ni za kumimina.

Mwalimu mwenzangu hakubaliani nami kuhusu neno "mnato". Asema kunata ni kazi ya gundi na ulimbo, kushika kidole, na kwamba tutatoka mtego mmoja tuingie mwingine. Ana hoja. Hewa ina mnato, kama sehemu moja ya hamsini na kitu ya ule wa maji, na hakuna aliyewahi kuhisi hewa ikimnata. Tena mnato wa hewa huongezeka ikipata joto, kinyume cha mafuta, jambo ambalo gundi haitakusaidia kulifikiria. Lakini mnato ni neno lenye kazi moja darasani, na hilo kwangu lina thamani kubwa. Yeye anapendelea tuseme "ukaidi wa kumiminika" hadi wanafunzi waielewe sifa yenyewe, ndipo istilahi ije. Muhula ujao tumekubaliana kila mmoja ajaribu njia yake, na siku ya kwanza, madarasa yote mawili, tutaingia na bakuli la tui lililolala.