Fulana ya 35,000 na bajaji ya Baba

Jumamosi nilikimbia kilomita 10 hapa Dodoma kwa ajili ya Baba, aliyepata kiharusi mwaka jana. Tulianza jua halijachomoza, na upepo wa mwezi wa saba mnaujua wenyewe, unakujaza vumbi hadi kwenye meno. Muda niliotumia siusemi.

Ninachotaka kusema ni habari ya hela. Usajili ulikuwa 35,000. Humo ndani kuna fulana, medali na maji. Kinachobaki ndicho mchango, na siku ile hakuna aliyetutangazia ni kiasi gani. Sasa, Baba anapelekwa mazoezi ya viungo mara 3 kwa wiki. Bajaji kwenda na kurudi ni 6,000, maana bodaboda haimbebi mtu ambaye upande wa kulia haumtii. Piga hesabu: usajili wangu ni wiki mbili za bajaji, kasoro buku.

Mbio za hisani nchini zimechangia upasuaji wa moyo kwa watoto na mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Sibezi hata moja. Ila kiharusi kina tabia yake: unaruhusiwa kutoka hospitali, watu wanakupa pole, na kazi ndiyo kwanza inaanza. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia jambo lile lile mamia ya mara, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye mavuno. Sisi mwezi mzima uliteketea. Kwanza jirani alisema mzee kapigwa na jini, akakandwa mafuta. Halafu nauli ikakata. (Vidonge vya presha alikuwa ameviacha mwenyewe, eti mbona kichwa hakiumi.)

Kwa hiyo fulana iwe hiari. Anayeitaka ainunue, asiyeitaka hela yake ilipe nauli za wagonjwa, na mtaalamu wa kupita majumbani kuwaonyesha akina Mama namna ya kumnyanyua mtu bila kumvuta bega bovu. Nilipolisema hili pale uwanjani nikajibiwa bila fulana watu hawaji. Huenda. Hata mimi yangu niliifurahia.

Baba ni mkulima wa zabibu Hombolo. Mkono uliokufa ganzi ndio ulioshika mkasi wa kupogolea. Mkimbiaji Alphonce Simbu, mtoto wa majirani zetu wa mkoa wa Singida, alipotwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo mwaka 2025, yeye na Mjerumani wa pili wote wakiandikiwa 2:09:48, Baba aliangalia marudio akajipiga paja kwa mkono wa kushoto mpaka Mama akatoka jikoni mbio akidhani limezuka jingine.

Fulana yangu kaichukua yeye. Anaivaa siku za mazoezi. Kuuingiza mkono wa kulia peke yake humchukua dakika kumi, na Mama amekatazwa kusaidia.