Maji Matupu Ndiyo Yanayotoboa Slivu

Tulipoichomoa slivu ya silinda ya tano, yaani bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, na kuifuta kutu kwa kitambaa kilicholowa dizeli, tundu lilionekana wazi: dogo kiasi cha kupitisha sindano, likiwa katikati ya mstari wa vishimo vilivyoteremka upande mmoja tu wa nje, ilhali ndani, pistoni inamopita, chuma kilikuwa bado kizuri. Lori liliingia gereji kwa sababu oili yake iligeuka rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji yamechanganyika nayo. Mwenye mali alikuwa ameshaamua kwamba dereva ndiye aliyeua injini, na alikuwa ameshamkata mshahara.

Mimi namtetea dereva huyo. Katika injini nyingi kubwa za malori, zile za lita 13 zenye silinda za kipenyo cha milimita 130 hivi, maji ya kupooza huigusa slivu moja kwa moja kwa nje. Kila mafuta yanapowaka, pistoni huegemea upande mmoja na kuigonga slivu, nayo hutetemeka kwa kasi, na mtetemo huo huzaa viputo vya mvuke ndani ya maji, ambavyo vinapobonyea na kupasuka juu ya chuma hukimega punje kwa punje mpaka kinatoboka. Kulanti inayofaa, yaani kimiminika maalumu cha kupoozea injini, ina dawa zinazojenga utando mwembamba wa kukikinga chuma hicho. Maji matupu hayana kinga hiyo, na yale ya kisima chenye chumvi huongeza kutu na ukoko wa chumvi. Hata mfuniko wa rejeta uliolegea una hatia yake, kwa kuwa mgandamizo ukipungua viputo huzidi.

Sasa, dereva anayepanda mlima Kitonga, kule Iringa, na mzigo, injini ikachemsha, atajazia nini kama si maji aliyoyapata njiani? Amepewa posho na dizeli. Dumu la kulanti hakupewa. Nasi mafundi tuna sehemu yetu ya lawama, maana mara ngapi tumefunga slivu, ringi na gasketi mpya, kisha tukaijaza injini hiyohiyo kwa mpira wa maji ya bomba?

Safari hii nilikataa kuiwasha mpaka kulanti na mfuniko mpya viliponunuliwa, na vyote vilinunuliwa siku hiyohiyo. Mshahara wa dereva, hadi ninapoandika, haujarudishwa.