Kijani ni Dizeli, Dunia Nzima

Mjomba wangu akija likizo, Malindi nzima huwa na makosa mpaka siku anayopanda ndege kurudi. Chai ina sukari nyingi. Tuktuk zinapiga honi ovyo. Muadhini ana sauti nzuri lakini spika imeelekezwa vibaya. "Kwetu Marekani," huanza, na sisi wapwa zake hutazamana chini kwa chini, maana kwao ni Shela, hatua chache kutoka baharini, na kitovu chake kimezikwa huko huko. Lakini atakwambia nani? Ndiye aliyenilipia karo, na pikapu ninayotafutia riziki nusu ya bei yake ilitoka mfukoni mwake. Mjomba wa aina hiyo haambiwi nyamaza. Anaambiwa "naam, Mjomba" na maisha yanaendelea.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 14, jioni. Mkenya mwenye chombo cha moto hahitaji kuelezwa tarehe 14 ni nini. Ndiyo jioni ambayo EPRA, ile mamlaka ya kawi na petroli, hutangaza bei mpya za mafuta zinazoanza kutumika usiku wa manane, na uvumi ukishaingia mjini kwamba zitapanda, hata mtu ambaye tangi lake limejaa huenda kupanga foleni, asije akapitwa. Sisi hatukwenda kwa uvumi. Mshale wa dizeli ulikuwa umeegemea chini, na nyuma nilikuwa nimebeba kreti za kolekole na changu zilizofunikwa barafu, pamoja na magunia ya nazi, vyote vya harusi ya Mambrui. Wapishi walikuwa wameshanipigia simu kuuliza nimefika wapi, nami nilikuwa nimeshawajibu kwamba nimevuka daraja la Sabaki. Daraja lenyewe sikuwa nimeliona hata kwa mbali.

Mbele tulikaa watatu: mimi kwenye usukani, binti wa Mjomba katikati, na Mjomba dirishani na kaptura yake ya maua. Muuza korosho alimwona kaptura kabla ya kumwona uso, akamwita, "Ciao, capo!" Hapa Malindi Kiitaliano ni lugha ya biashara, hakuna ubaya. Mjomba akamjibu kwa Kiswahili cha Shela, maneno machache tu, na yule kijana akaondoka akiomba radhi kwa adabu zote.

Kituo chenyewe sitakitaja. Kilikuwa na wahudumu wachache kuliko magari, na dada mmoja mwenye ovaroli ndiye aliyekuwa akihudumia pande zote mbili za pampu yetu. Juu yake palibandikwa kibao chekundu: USITUMIE SIMU. Chini ya kibao hicho, kwa herufi kubwa zaidi, nambari ya till ya kulipia kwa M-Pesa.

Zamu yetu ikafika. Nikafungua kifuniko cha tangi, nikamwambia dada, "Dizeli, ya elfu tano." Akasema, "Sawa, kaka, namrudishia huyu wa lori chenji nakuja." Nikaona nitumie nafasi hiyo kukimbilia dukani kununua maji. Sikukawia. Lakini niliporudi, pua iliniambia kabla ya macho. Dizeli ina harufu nzito, ya mafuta mafuta, inayong'ang'ania nguo. Niliyoisikia mimi ilikuwa kali na nyepesi, ya kupanda puani moja kwa moja.

Mjomba alikuwa amesimama ubavuni mwa pikapu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika bomba lenye mpini wa kijani, anatazama nambari za pampu zikikimbia. Uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu anayemwagilia bustani.

"Mjomba, unaweka nini?"

"Dizeli. Huyu msichana anatuchelewesha. Kwetu Marekani mtu anajijazia mwenyewe, hasubiri mtu."

"Mjomba, hiyo ni supa, petroli!"

"Kijani ni dizeli," akasema bila kugeuka. "Dunia nzima."

Nitamtendea haki kidogo. Marekani, vituo vingi huweka mpini wa kijani kwenye bomba la dizeli, ingawa si vyote. Pale kwetu siku ile, kijani kilikuwa petroli na cheusi kilikuwa dizeli, na imeandikwa. Na bahati mbaya vyombo havikumsaidia. Mdomo wa bomba la dizeli aghalabu ni mnene, kwa hiyo ukitaka kuutia kwenye gari dogo la petroli hugoma pale pale mlangoni. Wa petroli ni mwembamba. Tangi la dizeli huupokea bila swali lolote.

Dada akageuka na chenji ya watu mkononi. Akaona bomba, akaona pikapu, akaona kaptura.

"Baba! Nani amekupa bomba? Usiwashe! Mtu yeyote asiwashe hilo gari!"

Akaliachia lori, akazunguka mbio upande wa dereva, akachomoa ufunguo na kuutia ndani ya sidiria, mahali ambapo hakuna mwanamume hata mmoja kwenye foleni ile angethubutu kuufuata. Na alifanya vizuri. Petroli ikishaingia kwenye tangi la dizeli, inakaa tu, haijamdhuru mtu. Balaa huanza unapowasha. Dizeli ni mafuta, na ndiyo inayoilainisha pampu ya injekta. Petroli huosha ule ulaini, chuma kikasagana na chuma, na unga wa chuma ukafuata mkondo mpaka kwenye nozo. Bei ya kutengeneza hapo siitaji, kuna watu wana presha.

Nyuma yetu foleni ilianza kupiga honi. Meneja akatoka akatuamuru tusogeze gari pembeni. Vijana wa bodaboda, ambao kwa kusukuma magari hawana mpinzani, wakajipanga nyuma. Mjomba akapanda kwenye usukani kwa sababu, alisema, kwao Marekani anaendesha barabara za njia sita.

Hapa ndipo ule ufunguo ulipotulipiza. Gari likichomolewa ufunguo, ukiugusa usukani kidogo tu hujifunga. Mjomba akakata kona. Usukani ukasema "tak!" Pikapu ikanyooka. Vijana wa nyuma hawaoni mbele, wanasukuma kwa nguvu zote na kuimba. Mimi napiga kelele, "Breki, Mjomba!" Naye ananipigia kelele, "Haikati!" Tukauendea mkokoteni wa madafu uliokuwa kando ya barabara, tukausukuma taratibu, kwa heshima kabisa, mpaka ukainama. Madafu yakamwagika yakashika njia ya kwenda Lamu. Matatu moja ikasimama, na abiria wakashuka kusaidia kuyaokota. Waliorudi na madafu walikuwa wachache kuliko walioshuka.

Mwenye madafu hakusema neno. Alikaa juu ya jiwe, akachukua panga lake, akalikung'uta, akasubiri kulipwa. Sijawahi kuona mtu anayedai vizuri namna ile.

Fundi alipatikana gereji ya jirani, kijana mdogo aliyekuja na karai, mitungi na kipande cha mpira. Akaingia chini, akafungua nati ya tangi, na mchanganyiko ukaanza kutiririka. Harufu hiyo ikawaita watu. Bodaboda wote waliokuwa wakisukuma sasa walikuwa na chupa mikononi. Sijui chupa zilitoka wapi.

"Bro, tugawie hiyo supa."

"Imechanganyika na dizeli," fundi akasema akiwa chini.

"Kidogo?"

"Itaua pikipiki yako."

Wakatawanyika kwa huzuni. Aliyebaki ni mzee mmoja wa Muyeye, aliyesema boriti zake zinaliwa na mchwa na kwamba mchwa hawachagui dizeli wala petroli. Akapewa mtungi mzima. Jamaa mwingine akasogea na sigara inayowaka kuuliza kumetokea nini; nusu ya Malindi ikamrukia.

Huku dada wa pampu alikuwa amekaa kwenye ukingo, machozi yanamlenga. Mafuta yaliyopita kwenye mita lazima yalipiwe, na asipolipa mteja atakatwa yeye kwenye mshahara. Ningetegemea Mjomba amwambie pole. Badala yake akasimama mbele yake akaanza somo.

"Unajua tatizo lenu? Mmezoea kuhudumiwa na kuhudumia. Kwetu Marekani hakuna kitu kama mtu wa pampu. Mtu anashuka, anajaza, anakwenda zake."

Binti yake, ambaye tangu Malindi mjini hakuwa amesema neno, akatoa kichwa dirishani.

"Baba, sisi tunakaa New Jersey."

Mjomba akamwangalia kwa jicho la mzazi. Mtoto hakuliona, au aliliona akaliacha lipite.

"New Jersey huruhusiwi kujijazia petroli," akatuambia, kwa Kiswahili chake kinachoteleza. "Ni sheria, tangu 1949. Lazima akujazie mfanyakazi. Oregon nao walikuwa hivyo tangu 1951, lakini 2023 wakaruhusu watu kujijazia. Sasa tumebaki sisi tu, Marekani nzima. Baba anashusha kioo, anasema 'jaza.' Hajawahi kushika bomba."

Kimya. Hata fundi alijitoa chini ya gari asikie vizuri.

"Nimeona Pennsylvania, jimbo la jirani," Mjomba akasema.

"Uliona ukiwa ndani ya gari."

Dada wa pampu alicheka mpaka ufunguo ukadondoka wenyewe. Nami nikafikiria wale watunga sheria wa New Jersey mwaka 1949, waliosema wanaogopa moto na ajali kwenye vituo, na nikawaelewa kabisa. Walikuwa wanamwogopa mtu kama huyu, hata kabla hajazaliwa.

Fundi akafunga nati, akatia dizeli kidogo ya kusuuzia, akaimwaga, akatia nyingine, safari hii bomba limeshikwa na dada mwenyewe na hakuna aliyemkaribia. Akabadilisha filta, akapiga kile kipampu cha mkono juu yake mpaka hewa ikaisha. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikakubali.

Malipo yalikuwa ya supa, dizeli, filta, fundi na madafu. Mjomba akasema ana dola tu, nilipe mimi kwa simu, atanirudishia. Nikalipa, nikiwa nimesimama chini ya kibao cha USITUMIE SIMU. Naye alinyoosha mkono, akamwambia dada, "Nisamehe, mwanangu," na hilo nalo ni la kuandikwa, kwa sababu sikumbuki kulisikia tena.

Mambrui tulifika barafu imekwisha lakini samaki ni wazima. Mjomba akaelekea kwa wanaume, na kutoka mbali nilisikia akieleza jinsi rangi za pampu zilivyo na vurugu Kenya. Binti yake akaingia jikoni kusaidia kukuna nazi. Hilo ndilo kosa nililopaswa kulizuia. Habari za upande wa wanaume hutembea, za jikoni hupaa: kabla wali haujapakuliwa, shangazi wa bibi harusi alinivuta kando ya ukuta, akashusha sauti na kuniuliza kama ni kweli mjomba wangu amewahi kufungwa huko New Jersey kwa kosa la kushika pampu, na kama ndiyo maana hatumwi peke yake dukani.